Sura ya 8: Betri Isiyoshika Chaji

Sikukuu za Desemba zikiisha, vibanda vya mafundi wa elektroniki vya Kawangware na vya pembezoni mwa Kibera huanza kupokea magari ya watoto. Si vigari vya kushika mkononi. Ni yale makubwa ya plastiki, mtoto akiketi ndani na mzazi akiliongoza gari kwa rimoti. Mengine yalinunuliwa mapya mjini, mengine ni mtumba wa Toi au Gikomba, na machache ni ya biashara: mwenyewe huyapeleka uwanjani siku ya Krismasi au Idi na kuwatoza watoto kwa kila mzunguko. Wateja huja na lalamiko moja: "Fundi, betri imekufa, haishiki chaji." Fundi mwenye haraka naye ana jibu moja: nunua nyingine.

Haraka hiyo ni ghali. Mzazi anayelipa kodi ya nyumba Gatina au Laini Saba hana pesa za kununua betri kwa kubahatisha, na mara nyingi betri mpya haiponyi gari kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye betri. Fundi anayejua kupima hutoa hukumu ya haki kwa mita ya bei nafuu na balbu ya indiketa ya gari la kawaida.

Tuanze na betri yenyewe. Fungua kiti cha gari la namna hii utakuta kisanduku kizito cheusi au cha kijivu. Magari madogo hutumia betri ya volti 6 yenye ampea-saa 4 au 4.5. Makubwa hutumia ya volti 12 na ampea-saa 7, ileile inayokaa ndani ya UPS za kompyuta, ving'ora vya wezi na mitambo ya nyua za umeme huko Lavington, ng'ambo tu ya Kawangware. Ni betri ya risasi na asidi, na ukoo wake ni wa zamani. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio, bila waya wowote kuigusa, na ndani ya mashua hiyo mlikuwa na betri za kuchajiwa. Kwa hiyo chombo cha kuongozwa kwa redio na betri vimesafiri pamoja tangu siku ya kwanza.

Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2. Ya volti 6 ina seli tatu. Ndani ya kila seli mna mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi, katikati yake mna kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholowa asidi ya salfa. Gari linapokwenda, asidi huungana na mabamba ya pande zote mbili na kuyageuza kuwa salfeti ya risasi, na maji hubaki mahali pa asidi. Ukichaji, safari hurudi nyuma: salfeti huyeyuka, asidi hurejea. Salfeti iliyozaliwa leo ni laini na hurudi upesi. Ikiachwa kwa wiki kadhaa, chembe zake hukua na kuwa ngumu, hufunika bamba, na chaja haiwezi tena kuzivunja kirahisi.

Hapo ndipo vifo vingi vya betri hizi vinapotokea. Mtoto huendesha mpaka gari lisimame kabisa, kwa sababu magari mengi ya bei nafuu hayana kikatizo cha kuzima mota betri inapokaribia mwisho. Baada ya hapo shule hufunguliwa. Gari husukumwa uvunguni au juu ya kabati likiwa tupu, na Aprili linapotolewa betri haina uhai. Wenyewe husema iliharibika kwa kukaa bure, na wana haki nusu. Betri hii haiharibiki kwa kukaa, huharibika kwa kukaa ikiwa tupu. Ikiwekwa ikiwa imejaa hupoteza karibu asilimia 3 tu ya chaji kwa mwezi, nayo itakaa muhula mzima ikiwa salama. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi makini huwa: "Mama, mara ya mwisho iliisha chaji lini, na mliichaji tena baada ya siku ngapi?" Jibu la swali hilo huwa limeshaeleza nusu ya ugonjwa kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Kabla ya kuilaumu betri, ondoa washukiwa wadogo. Rimoti yenyewe ina betri zake ndogo, nazo huisha. Gari linaloitikia usukani na kanyagio la mtoto lakini halimsikii mzazi halina ugonjwa wa betri kubwa. Badilisha betri za rimoti, kisha iunganishe upya na gari kama kitabu chake kinavyoelekeza. Tazama fyuzi chini ya kiti. Vuta kila kiungo cha waya kwa vidole, maana vichwa vya betri hizi hushikwa na vibati vya kubana tu, na kibati kilicholegea hupitisha umeme wa kuwasha taa lakini hushindwa kupitisha ampea za mota. Ukungu mweupe kwenye kichwa cha betri na wa kijani kwenye shaba ni dalili ya asidi iliyovuja. Safisha kwa maji ya magadi ya kuokea, kausha, kisha bana upya. Kazi hii ni ya dakika kumi na haihitaji kipuri.

Sasa chukua mita. Betri iliyochajiwa ikajaa, ikapumzishwa saa kadhaa, husoma volti 12.7 hadi 12.9, au 6.4 hivi kwa ile ya volti 6. Ikishuka hadi 11.8 au 5.9, imeisha. Lazima ipumzike, kwa sababu mara tu baada ya kuchomolewa kwenye chaja husoma juu kuliko ukweli, na fundi asiyesubiri hudanganywa na tarakimu. Kama imechajiwa usiku kucha, ikapumzika, na bado inasimama kwenye 10.5 hivi, seli moja imekufa na tano ndizo zilizobaki. Kwa betri ya volti 6 utaona 4.2 au karibu na hapo. Kwa ugonjwa huo hakuna dawa. Usimpotezee mteja muda.

Lakini volti nzuri peke yake haithibitishi uzima. Katika kazi hii hakuna jambo linalowapotosha watu kuliko hilo. Betri yenye salfeti ngumu inaweza kusoma 12.8 ikiwa imelala mezani, kisha ikaanguka hadi 8 mota inapoiita. Kuna njia ndogo ya kuifichua. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12 na wati 21, isodee waya mbili, iunge kwenye betri, na mita ikiwa palepale kwenye vichwa vya betri. Balbu hiyo hunywa ampea 1.75 hivi. Betri nzima ya ampea-saa 7 itashuka kidogo kisha itatulia juu ya volti 12 kwa dakika tano bila wasiwasi. Ikiwa mpya, itaendelea kuiwasha karibu saa tatu kabla ya kufika 10.5, ambapo unapaswa kusimama. Betri mbovu hujitangaza mapema: tarakimu hukimbia chini mbele ya macho yako na kupita 11 kabla ya dakika moja. Betri ya volti 6 pia inaweza kupimwa kwa balbu hiyo. Mwanga utakuwa hafifu, lakini kushuka kwa mita kutasema yaleyale.

Mteja aone kipimo hiki kwa macho yake. Fundi anayesema "imekufa" bila kuonyesha huacha shaka, na katika mitaa ambayo kila mtu anamjua aliyeuziwa kitu kibovu, shaka hufunga kibanda.

Gari linaloshtuka, kwenda hatua mbili na kuzima, kisha taa zake kuwaka tena kana kwamba limewashwa upya, lina maelezo yake. Mota mbili zikianza kumsukuma mtoto mzito kwenye udongo au kupanda mlima huvuta ampea kumi au zaidi kwa muda mfupi. Betri dhaifu huporomoka, kipokezi cha redio hukosa volti kinachohitaji, hupoteza mawasiliano na rimoti, na gari husimama. Mota zikisimama volti hupanda, kipokezi huamka, na mzunguko huanza tena. Watu hudhani redio imeharibika na hununua bodi mpya. Inua magurudumu ya nyuma juu ya tofali kwanza. Kama gari linakwenda vizuri likiwa hewani na linashtuka likiwa chini, pima volti kwenye vichwa vya betri mtoto akiwa ameketi. Zikishuka sana hapo, kosa ni la betri. Zikibaki juu kwenye betri lakini zikawa chini kwenye mota, zinapotelea njiani: waya, swichi au kibati. Na kama vyote viko sawa lakini betri huisha haraka, zungusha gurudumu kwa mkono usikilize sanduku la gia. Gia ya plastiki iliyolika, au uzi na nywele zilizojisokota kwenye ekseli, huifanya mota inywe mara mbili, na lawama huiangukia betri isiyo na hatia.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni maandishi ya ampea-saa 7. Hupimwa kwa kutoa ampea 0.35 polepole kwa saa ishirini. Ukivuta ampea 7 kwa mkupuo, hutapata saa nzima. Utapata dakika 35 hadi 40. Hivyo mzazi anayesema gari la mtoto lilidumu nusu saa tu huenda hana tatizo lolote.

Upande wa chaja una dalili zake. Taa ikigeuka kijani dakika chache baada ya kuchomeka, betri tupu haiwezi kuwa imejaa upesi hivyo. Ama waya wa tundu la kuchajia umekatika, ama salfeti imezuia umeme usiingie. Taa ikikaa nyekundu siku nzima na betri ikapata joto, seli imeungana ndani. Ichomoe mara moja. Na kuna kosa la mtaani ambalo huonekana la busara: kutumia adapta ya ruta au ya dekoda kwa sababu imeandikwa volti 12. Betri ya volti 12 haijazwi kwa volti 12. Inahitaji 14.4 hadi 14.7 ili ijae, na 13.5 hadi 13.8 ikiachwa kwenye chaja muda mrefu. Ya volti 6 inahitaji nusu ya hizo. Kwa adapta ya ruta betri haitajaa hata ikikaa wiki, na salfeti itaendelea kuwa ngumu huku taa ya adapta ikiwaka kwa utulivu.

Paneli ya sola juu ya mabati nayo ina shida ya upande wa pili. Ile inayouzwa kwa jina la volti 12 hutoa volti 18 hivi jua likiwa kali. Paneli ndogo ya wati 5 haitaleta balaa kwa siku moja, lakini ikiachwa imeungwa moja kwa moja bila kidhibiti, maji ya betri huvunjika kuwa hidrojeni na oksijeni, vali hufunguka, na betri hukauka. Joto la chumba cha mabati huongeza madhara, kwani kila nyuzi kumi za joto zaidi ya kawaida hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu. Betri iliyovimba kuta imepitia hayo, na haipaswi kurudi ndani ya gari la mtoto. Hidrojeni hulipuka kwa cheche ndogo, kwa hiyo betri ichajiwe mlango ukiwa wazi, mbali na jiko na sigara.

Je, iliyolala ikiwa tupu inaweza kufufuliwa? Wakati mwingine, kama haijalala sana. Mafundi huchukua chaja ya kompyuta ya volti 19, huiunga kwenye betri kupitia ile balbu ya wati 21, na balbu huwa kizuizi kisichoruhusu umeme mwingi kupita. Mwanzoni balbu haiwaki kabisa, kwa kuwa salfeti haipitishi kitu, na mita inaweza kuruka juu sana. Baada ya saa kadhaa volti hushuka, balbu huanza kung'aa kidogo, ishara kwamba betri imeanza kula. Kisha volti hupanda tena taratibu, zikifika 14.7, chomoa. Njia hii ni ya kutumia macho yakiwa wazi. Chaja hiyo haina akili ya kusimama yenyewe, na anayelala ikiwa imeungwa atakuta betri imechemka. Ikipata joto la kushindwa kushikika, acha. Kama siku nzima imepita na kipimo cha balbu bado kinaonyesha udhaifu, mwambie mwenyewe ukweli. Betri ya volti 6 usiiweke kwenye mtego huo. Volti 19 ni nyingi mno kwake.

Kuhusu kufungua kifuniko na kuongeza maji, nina msimamo. Betri hizi zimefungwa, lakini kifuniko hubandukika na chini yake mna vizibo vya mpira, kimoja kwa kila seli. Iliyokauka huweza kupewa maji yaliyotoneshwa, mililita chache, ikarudisha nguvu kwa wiki au miezi. Inasaidia kweli, ila ni mkopo. Kinachokatazwa kabisa ni kuongeza asidi. Vituo vya petroli huuza vyote viwili, maji ya betri na asidi, na watu huvichanganya. Asidi haikupotea. Imo ndani ya salfeti kwenye mabamba, na ukiongeza nyingine unayala mabamba yaliyobaki. Maji ya mfereji nayo yana chumvi, usiyatumie.

Betri za UPS zilizotolewa maofisini huuzwa kwa bei ya kuvutia, na zinaingia kwenye gari bila marekebisho. Nyingi zimekaa kwenye chaja miaka mitatu hadi mitano kabla ya kutupwa. Mezani zitasoma karibu 13 bila aibu. Usinunue bila kuzipima kwa balbu mbele ya muuzaji, na tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa muhuri ubavuni.

Siku hizi wapo wanaong'oa betri ya risasi na kuweka seli za lithiamu kutoka kompyuta kuukuu. Gari huwa jepesi na hukimbia zaidi. Lakini seli tatu za lithiamu zilizopangwa kwa mfululizo zinapaswa kukoma kwenye volti 12.6, na chaja ya betri ya risasi iliyoachwa nyumbani itazisukuma hadi 14.4. Zikikosa bodi ya ulinzi, huo ni moto. Kibera imeungua mara nyingi, nyumba kwa nyumba, kwa sababu kuta za mabati na mbao zimeshikana na gari la zimamoto halina njia ya kupita. Fundi anayebadilisha aina ya betri lazima aichukue chaja ya zamani asiiache mikononi mwa mteja.

Inabaki betri ambayo kweli imekufa. Ile ya ampea-saa 7 ina uzito wa kilo 2 na kitu, na zaidi ya nusu yake ni risasi, ambayo ina soko. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupima kwa kilo, na ndipo vijana huvutwa kuipasua betri wenyewe, kumwaga asidi mtaroni na kuyeyusha mabamba kwenye karai ili wauze risasi safi. Tujue tunachokiacha nyuma. Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014. Moshi na maji yake viliingia kwenye nyumba, udongo na damu ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, aligundua kwamba mwanawe alikuwa ameathirika kwa sumu ya risasi. Akaongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huifyonza kwa wingi kuliko mtu mzima, naye ndiye anayecheza chini, anayetia vidole mdomoni. Gari lile lilinunuliwa kwa ajili yake. Kwa hiyo, fundi wa Kibera, fundi wa Kawangware: usikubali betri ipasuliwe karibu na kibanda chako, hata kwa faida. Funga vichwa vyake kwa utepe, ihifadhi ikiwa imesimama, na iuze ikiwa nzima kwa muuza betri anayezirudisha kiwandani. Na kila gari linaloondoka kwako mwambie mzazi achaji siku hiyohiyo mtoto anapomaliza kucheza, na tena mara moja kwa mwezi shule zikiwa zimefunguliwa.